Kikombe Kwenye Goti la Baba

Kaloleni, Arusha
Novemba 3, 1956

Baba Anaeli,

Ta. Kisha kimya, kimya cha kupita nguzo tatu za simu. Kisha ta tena.

Sauti hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nadhani unaikumbuka. Desemba iliyopita tulikuwa tunatoka Poli, sisi watatu mbele: wewe kwenye usukani, mimi katikati, na baba dirishani, kikombe chake cha bati kimekaa gotini. Mvua ilitushika Tengeru. Nilimwuliza baba ni nini kinachogonga. Akafunika kikombe kwa kiganja, akasema, "Ni kiu yangu inabisha hodi." Wewe ulicheka, nami nikacheka kwa kuwa mmecheka. Mwezi uliofuata tulimzika, na sikumbuki mzaha wake mwingine baada ya huo.

Shikamoo. Nisamehe kwa kuanza kabla ya kukuamkia.

Nakuandikia kwa sababu ya gari. Vuli imeanza na pikapu linavuja bado, upande uleule wa kushoto, mahali alipokuwa akiketi baba, na mahali nilipoliweka gauni la arusi la Elinami mwezi wa Aprili. Fundi Gurmeet wa Ngarenaro amebadilisha mpira wa kioo cha mbele mara mbili. Dereva mpya, Manase, amepaka lami kila palipopakika, hata mikono ya mlango inanata. Jumamosi nilipandisha kioo cha dirisha mwenyewe, nikakishikilia kwa mkono mpaka Usa. Goti langu lililowa.

Basi siku ile ya arusi ulisema kweli. Kioo kilikuwa kimefungwa, hukukiacha wazi. Nimeliandika neno hilo, sasa lipo kwenye karatasi.

Wiki mbili zijazo ninapaswa kupeleka madaftari kwenye shule mbili za mlimani, na sithubutu kuyaweka ndani wala nje. Wewe ulilijua gari hili kwa miaka sita. Niambie nianzie wapi. Mkeo Nosim amenipa anwani yako alipopita dukani na maziwa. Hakunisalimu vizuri, lakini amenipa.

Wako,
Ndeshi E. Urio
kwa niaba ya Ephraimu Urio na Binti


Shambani, Oldeani
Novemba 13, 1956

Ndeshi mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia kupitia kwa karani wetu Ndesanjo, mtu wa Machame, ambaye huachia barua za watu kama anayeng'olewa jino. Mimi mzima. Huku ni baridi kuliko Poli, na ukungu hauondoki mpaka saa nne.

Nimesoma habari za Manase na lami nikacheka peke yangu, watu wakanitazama. Mwambie aache. Lami juu ya tundu usilolijua ni kama kumfunga bandeji mtu ambaye hajasema anaumwa wapi.

Sikiliza, nawe ufuate kwa mpango, usiruke. Toa kiti. Toa ule mpira wa sakafuni. Kausha chuma chote kwa kitambaa, kisha gari likae juani nusu siku. Saga chaki za shule, upake unga wake mkavu ndani, kwenye nguzo mbili za kioo, pembe zote, na chini ya dari ukishafungua kitambaa chake. Maji yakipita juu ya chaki yataandika njia yao yenyewe. Wewe unajua kusoma kuliko sisi sote, utasoma.

Halafu mtu mmoja aketi ndani, mwingine awe nje na kopo lenye matundu. Msimwage maji juu ya gari zima kama mnalibatiza. Mkifanya hivyo mtajua limelowa, na hilo mnalijua tayari. Anzeni chini: mlango wa kushoto, ngojeni. Mlango wa kulia, ngojeni. Kisha kioo cha mbele, upande hadi upande. Paa liwe la mwisho. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na utamshika asiye na kosa.

Jambo jingine. Kabla ya kumwaga maji, magurudumu ya kulia yainuliwe kwa jeki, kama shubiri moja. Fundi Gurmeet atabisha. Mwache abishe, mradi ainue.

Hapo nyuma sikupata nafasi ya kukushukuru kwa ile barua ya Kiingereza uliyonipa siku naondoka. Kizungu sikijui, lakini mwandiko wako naujua, na uliitia katika bahasha ya marehemu. Naitunza ndani ya Biblia. Niliionyesha shamba moja la Tengeru, moja la Usa, na moja njia ya Monduli. Kila bwana aliisoma yote, akanitazama, akanirudishia, akasema nafasi hakuna. Nadhani mwaka huu magari yamekuwa machache kuliko madereva. Hapa Oldeani hawakuniomba barua. Kuna malori mawili na trekta, yote mazuri.

Usimkasirikie Nosim. Wanawake wa Kiarusha hawasalimu nusu nusu; wakikosa kukusalimu yote, wanakupa iliyopo.

Ni mimi,
Sadoki


Kaloleni, Arusha
Novemba 24, 1956

Baba Anaeli,

Shikamoo. Tumefanya kama ulivyosema, na sijui kama nikushukuru au nikulaumu.

Tulikuwa uwanjani kwa Fundi Gurmeet jana asubuhi. Alikuwa amechukia kwa sababu nilimwambia maagizo yametoka kwako. "Gari hili likiwa hapa halivuji," alisema. "Linavuja likifika kwako tu. Labda linakuogopa." Manase alishika kopo. Mimi niliketi ndani juu ya kreti, mahali pa kiti cha baba, unga wa chaki umenijaa hadi kwenye nyusi.

Mlango wa kushoto, pakavu. Mlango wa kulia, pakavu. Kioo cha mbele, pakavu, na Fundi Gurmeet akaanza kupiga mluzi. Nikamkumbusha jeki, ambayo alikuwa ameisahau kwa makusudi. "Unataka niinue upande gari lililosimama sawa? Hata mgonjwa hulazwa sawa." Akainua, akinung'unika kwa Kipunjabi. Manase akapanda ngazi.

Nilitazama juu. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha mstari mweusi ukafunguka ndani ya ule weupe, si upande wangu, bali juu ya kiti chako, juu kabisa ya kichwa cha dereva. Ukatambaa chini ya dari kuelekea kushoto, polepole, ukaifuata pembe, ukashika nguzo ya kioo, ukafika kwenye ile ncha ya chuma yenye kutu, ukaning'inia. Ta. Kwenye goti langu. Tone lilikuwa na rangi ileile ya doa la gauni la Elinami.

Sasa naelewa jeki. Tunaendesha kushoto, na barabara imeinama kushoto, kwa hiyo maji yanayoingia juu ya dereva humwangukia abiria. Kwenye uwanja wa Fundi Gurmeet, ambako gari lilisimama sawa, yalibaki darini yakakauka, na yeye akaapa kwamba hakuna tundu. Alipoliona tone lile aliacha mluzi. Alisema neno moja tu: "Kibao."

Ndiyo, kibao. Kile cha juu ya paa. EPHRAIMU URIO NA BINTI. Nilikipaka rangi kwa mkono wangu wiki niliyotoka shule, nikampelekea seremala, akakifunga kwa skrubu nne zilizopenya paa. Skrubu ya mbele kulia inacheza ukiigusa kwa kidole. Namkumbuka baba siku ile amesimama ng'ambo ya barabara, akikitazama, mpaka mwenye baiskeli akamwambia apishe.

Baba Anaeli, mtu hawezi kuagiza gari liinuliwe upande wa kulia kama hajui maji yanatoka kulia. Ulijua. Tangu lini? Na siku ile nilipokusimamisha mbele ya watu wa arusi nikakuuliza kama maji yamepita kwenye chuma kutoka mbinguni, kwa nini ulinyamaza?

Kuhusu ile barua ya Kiingereza. Tafadhali usimwonyeshe mtu tena. Niliiandika kwa haraka na haikukutosha. Nitakuandikia nyingine iliyo bora. Ile ichome tu.

Ndeshi


Shambani, Oldeani
Desemba 4, 1956

Ndeshi mwanangu,

Umesoma vizuri. Nilijua utasoma.

Nilijua tangu mvua ya pili baada ya kibao kufungwa. Nilipaka lami kwenye ile skrubu mara tatu, mwenyewe, wewe ukiwa dukani. Lakini kibao kinashika upepo kama tanga, skrubu inacheza, lami inapasuka. Nikamwambia marehemu: Mzee, tukishushe, tukifunge pembeni kwenye mbao za nyuma. Tulikuwa tumesimama darajani Tengeru tukitia maji kwenye rejeta. Alinijibu hivi, na maneno yake ninayo kama yalivyotoka: "Sadoki, huyu mtoto amekaa shuleni miaka kumi. Wenzake wamekwenda Dar es Salaam. Yeye amerudi nyumbani. Nimwambie kitu cha kwanza alichoniletea kinavuja?"

Nikamwambia, lakini Mzee, unalowa. Akasema, "Ni goti moja tu. Ninalo jingine."

Kesho yake akaja na kikombe. Kikijaa alikuwa akimwaga dirishani, wewe ukitazama upande mwingine. Aliniapisha nisikuambie. Alisema ipo siku utauliza mwenyewe, na ukiuliza utakuwa mkubwa wa kutosha kukishusha bila kulia. Baada ya hapo akafa. Mtu akifa na siri yako unaweza kuitoa. Akifa na siri yake, ni vigumu.

Siku ya gauni mimi nilikuwa chini natia upepo gurudumu la nyuma. Kwenye kile kiti nilikuwa nimeweka gunia, kama kawaida tangu kikombe kilipoondoka. Ulilitoa gunia kwa sababu lilikuwa chafu, ukaweka gauni. Sikuona mpaka tumefika kanisani. Ulipouliza habari ya maji kutoka mbinguni, ningejibu nini? Ningesema ndiyo, watu wangenicheka, na wewe ungetazama juu.

Desemba 6

Nilikuwa nimeishia hapo juzi. Sasa naongeza.

Uliponiandikia nisimwonyeshe mtu ile barua, nilijiuliza kwa nini barua njema ichomwe. Jana nilimpelekea Ndesanjo. Aliisoma hadi mwisho. Akaniuliza, "Nani alikuandikia hii?" Nikamwambia binti wa rafiki yangu. Akaikunja, akasema ana kazi. Nikamwambia, karani, nimekaa nayo miezi minane karibu na Zaburi, nisomee. Akanisomea kwa Kiswahili. Kwamba dereva huyu ni mzembe. Kwamba hasemi kweli. Kwamba mtu asimwamini na mali inayoweza kuharibika.

Basi magari hayakuwa machache.

Sikukuandikia uongo, lakini niliacha uamini ulivyotaka. Malori mawili yapo, na trekta ipo. Sishiki usukani wa hata moja. Napalilia kahawa. Mzee wa miaka arobaini na sita na jembe, katikati ya vijana wanaoniita Baba Madaraja kwa sababu nawasimulia barabara. Nosim alijua hilo, barua hakuijua. Sasa ataijua, maana sijawahi kumficha.

Zibeni tundu kwa boliti yenye mpira chini na juu. Lami peke yake haitashika.

Sadoki


Kaloleni, Arusha
Desemba 18, 1956

Baba Anaeli,

Shikamoo, ingawa sistahili kuitikiwa.

Niliiandika jioni ileile ya arusi, nikiwa nimevaa bado nguo za kanisani. Elinami alikuwa amepita kati ya mabenchi na doa la kutu kuanzia kifuani hadi kiunoni, na nyuma yangu mwanamke mmoja akasema Ephraimu hajamaliza miezi mitatu kaburini na tayari binti amelimaliza jina lake. Nilitaka jina liharibiwe na mtu mwingine, si mimi. Ulikuja dukani kuaga. Ulisimama mbele ya meza umeshika kofia. Niliandika kwa Kiingereza kwa sababu ulikuwa umesimama pale. Kwa Kiswahili nisingeweza, ungeyaona maneno yakitoka kalamuni. Nilikupa katika bahasha ya baba, nawe ulisema asante, mwanangu, kwa mikono miwili. Miaka kumi ya shule, Baba Anaeli, na hiyo ndiyo mara ya kwanza elimu yangu ilipofanya kazi yake yote.

Sitakuomba unisamehe kwenye karatasi. Nakueleza nilichofanya.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikwenda yale mashamba matatu. Tengeru, bwana wa shamba hakukukumbuka. Nilimkumbusha, nikamwambia barua ile ilikuwa ya uongo na aliyeiandika ni mimi. Akatikisa kichwa, akaendelea kupima mbegu. Usa, walicheka. Njia ya Monduli, mke wa bwana alinisikiliza kwenye veranda, mimi nimesimama, akasema kwamba nafasi ilikuwapo mwezi wa Mei kweli, na ilijazwa mwezi wa Mei. Hakuna nilichokurudishia. Niliona mahali ulipokuwa umesimama, basi.

Nilikwenda kwa Elinami pia. Nilimwambia mbele ya mumewe kwamba kosa halikuwa lako. Alisema, "Ndeshi, kwenye picha zote nimeshika tumbo kuficha lile doa. Mama mkwe alipoziona akadhani nina mimba, akaanza kunipikia mtori. Mimi nilicheka mwezi mzima. Wewe ndiye uliyemfukuza mtu." Hakunipa chai, na Elinami humpa chai kila mtu.

Kibao nilikishusha mwenyewe, Manase akishika ngazi. Sitakudanganya kwamba sikulia. Matundu yote manne yamezibwa kwa boliti, mpira chini na mpira juu. Fundi Gurmeet alikataa kunisaidia kuzikaza mpaka nilipomwambia wewe ndiye uliyeagiza mpira. Akasema, "Yule mtu alijua kazi," kisha akazikaza.

Sikujua kibao nikipeleke wapi. Nosim alikuja na maziwa, akakikuta kimeegemea mlango. Barua yako ilikuwa imeshamfikia, niliona usoni. Alisema, "Hiki nitakichukua. Pipa langu la maji Olasiti halina kifuniko." Nikambebea hadi kwake. Alikiweka juu ya pipa, maandishi yakitazama chini. "Ng'ombe hawasomi," akasema, "na mimi sitaki kukusoma kila asubuhi." Nilipogeuka kuondoka akaniita, akanipa kibuyu cha maziwa nikupelekee. Manase anacho.

Maana barua hii haiji kwa posta. Naiandika ndani ya gari, kwenye kiti cha baba, na Manase ameshawasha. Inanyesha tangu alfajiri, na anasema Mto wa Mbu itakuwa kubwa zaidi. Nikishuka nitaiacha hapa hapa kitini, pamoja na karatasi ya pili, bila bahasha, bila gunia, bila turubai. Nimemkataza asiziguse hadi Oldeani. Hiyo karatasi ya pili ni habari ya kazi yako ya miaka sita. Nimeiandika kwa Kiswahili upande wa mbele, uisome wewe kabla ya bwana yeyote. Nyuma yake ni Kiingereza, neno kwa neno, Ndesanjo ataipima. Ukiona neno lisilo kweli, lifute kwa kalamu yako.

Zikikufikia zimelowa, basi sijui kuziba tundu pia.

Manase anaanza kazi kwa Fundi Gurmeet Alhamisi. Tulikubaliana wiki iliyopita, kabla sijajua kama utataka hata kuliona gari hili. Atakukabidhi ufunguo na kurudi kwa basi. Usipotaka kurudi Arusha, liache limesimama nje ya ofisi ya Ndesanjo, uendelee na jembe lako bila kunijibu; nitakuja kulichukua mwenyewe, nami sijui kuendesha, kwa hiyo nitakuwa na muda wa kutosha wa kuketi ndani yake. Ukitaka kurudi, rudi nalo. Kikombe nimekirudisha chini ya kiti, kikavu.

Dereva mwingine sijatafuta.

Ndeshi